Sauti ya Mwanzia

Nairobi, 3 Juni 2025

Mwaitu, mama yangu mpendwa,

Habari ya Mitaboni? Goti linasemaje siku hizi, na mvua iliwapatia chochote? Mimi niko mzima, Mungu ni mwema.

Watu wa TV wameniita. Jumamosi ya tarehe kumi na nne niimbe moja kwa moja, nchi nzima ikiona, ile rokenroli yetu yenyewe ya gitaa na ngoma. Unajua tangu tumzike ndugu yangu Mwanzia sijapanda jukwaani. Miaka sita nafundisha watoto wa watu gitaa, mwenyewe nimenyamaza. Mwaitu, nimechoka kunyamaza. Lakini naogopa kuanza kabla hujanitemea mate ya baraka kifuani, vile ulikuwa unatutemea sisi wawili kabla ya kila safari. Nije Ijumaa?

Mwanao,
Kioko

Mitaboni, 7 Juni 2025

Mwanangu Kioko,

Nimepata barua yako. Huku tuko wazima. Mahindi yamekauka, mbaazi angalau zinajaribu.

Sasa wewe! Ndugu yako alikufa akitoka kuimba, gari ikapinduka na ngoma zake ndani, halafu unaniomba baraka? Huu mdomo ulibariki safari hiyo pia. Niliwatemea nyote wawili, na ni mmoja tu alirudi. Siamini mate yangu tena. Usije Ijumaa, sitaki kukuona ukitoka kwangu ukienda huko.

Kula vizuri.

Mwaitu

Nairobi, 13 Juni 2025

Mwaitu,

Umeamkaje? Aki sikujua umebeba mzigo huo miaka hii yote. Makosa si yako. Mvua ilinyesha, barabara ikateleza, basi.

Kesho nitaimba bila baraka. Naogopa. Usinikasirikie sana.

Mwanao,
Kioko

Mitaboni, 22 Juni 2025

Kioko wangu,

Hujambo? Pole kwa kukungojesha wiki nzima. Kalamu ilikuwa inanishinda.

Niliapa siangalii. Saa ya programu ikafika, miguu ikanipeleka sokoni kwa hoteli ya Kamene, nikakaa nyuma karibu na mlango. Ukaimba, watu wakaacha chapati zikapoa. Halafu ule wimbo wenu wa mwisho, pale Mwanzia alikuwa anakujibu, ukanyamaza. Hukuweka mtu mwingine. Ukasimama tu ukiangalia kando yako.

Kamene akasema, "Woi, sauti ya TV imekufa!" Mhudumu wake, Makau, akapanda kiti aipige kofi, maana hiyo TV bila kofi haiamki.

Mimi nilijua haijakufa. Nikasimama nikaimba maneno ya Mwanzia, yote, na hii sauti yangu ya mbuzi. Hoteli nzima ikageuka. Makau akabaki juu ya kiti, mkono hewani. Nilipomaliza, wewe ukashika wimbo ukaendelea.

Nililia mpaka Kamene akanishika mkono akanifikisha nyumbani. Lakini mwanangu, nilikuwa na furaha, nikuambie ukweli.

Wakikuita tena, hapo kwa maneno ya Mwanzia usinyamaze. Kuja unichukue.

Mwaitu