Mluzi Chini ya Boneti

Nyumbani, chumba cha kupigia pasi,
Jumatano, tarehe 9 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Nakusalimu kwa upendo wote. Hujambo? Wifi hajambo? Na mapacha, bado wanagombania kitanda cha juu? Sisi huku tunaendelea, ila mimi nina yangu, na utayasoma. Zaidi ya yote nataka kujua hali ya kifua chako. Kile kikohozi kimepungua? Na majibu ya vipimo uliyokuwa unayasubiri yalitoka? Tafadhali usiyaruke maswali haya kama unavyoruka maswali yangu yote ya afya. Huko mbele nitakueleza kwa nini nayauliza kama mtu asiyejua kitu.

Najua umeninunia. Tangu Jumapili ile uliponipigia na mazungumzo yakaisha vibaya, simu yako haijaita tena, wewe ambaye ulikuwa huniachi Jumapili hata moja. Nilikutumia ujumbe wa kukusalimu, ukanijibu "Nipo." Kaka, "Nipo" ni jibu la kumpa mwenye nyumba anayegonga mlango. Ndiyo maana nimeona niandike, tena barua ya karatasi. Inaletwa na jirani yetu muuguzi, anayekuja huko kwenye mafunzo.

Naomba univumilie nianze na gari. Sikwepi. Gari ndilo lililonifichua.

Lile gari lako kuukuu bado linahema. Asubuhi linabeba shuka chafu kutoka nyumba za wageni, jioni linazirudisha safi zimekunjwa, na harufu ya sabuni imeshaingia kwenye viti, haitoki. Ila tangu mvua zilipokatika lilianza kusita. Ukikanyaga mafuta linatulia kwanza, kama mtu aliyeulizwa umri wake, halafu ndipo linaruka. Kwenye kile kilima cha kanisani liliwahi kunizimikia kabisa, nyuma yangu lori, mimi nimeshika breki ya mkono kwa mikono miwili. Na ile taa ya njano yenye picha ya injini ikawaka, ikagoma kuzima.

Nakumbuka ulivyonifundisha. Ulisema taa ni za watu wenye magari mapya, sisi wengine tuzime redio tusikilize. Basi nikazima redio, nikasikiliza. Sikusikia kitu. Nikajiambia, kama sisikii kitu basi si kitu kibaya.

Fundi wangu ni yule Bisibisi, yule mrefu anayeongea kichwa kikiwa kimezama kwenye injini. Banda lake siku hizi limepakana na wakata vyuma, wanakata kutwa nzima, pale hata baba mkwe akikusalimia utampita. Alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akasema injini inavuta hewa nyingi kuliko mafuta. Inaweza kuwa pampu imechoka, inaweza kuwa njia ya mafuta imeziba, inaweza kuwa kuna hewa inajipenyeza isikotakiwa.

"Mashine inaniambia nyumba yenye mgonjwa, hainiambii ni nani," akasema. "Wewe ndiye unayeshinda nalo barabarani, dada. Ukiwasha, pampu inalia?"

"Inalia," nikasema.

"Ukipanda mlima, injini inagonga?"

"Inagonga."

"Ukiwa umesimama, hakuna kamluzi? Kama hewa inatoka mahali?"

"Hakuna."

Aliniamini, kaka. Kwa nini asiniamini? Miaka yote nilikuwa nafika pale na ugonjwa wa gari mkononi, yeye kazi yake kufungua tu. Mwaka ule wa beringi nilimwonyesha hadi ni gurudumu lipi. Basi akabadilisha pampu. Tukarudi. Akabadilisha plagi. Tukarudi. Akasafisha kila kinachosafishika, taa akaizima kwa mashine yake, na kabla sijafika nyumba ya wageni ya kwanza ikawaka tena. Alianza kujikuna kichwa kwa ile mikono yake ya oili, na mimi nikaanza kumwona kama fundi aliyeishiwa. Nilimsema vibaya kwa majirani, Mungu anisamehe, na yeye alikuwa anatibu gari nililolitunga mimi.

Maana ukweli ni huu: pampu sikuisikia ikilia. Injini sikuisikia ikigonga. Nilikuwa nasoma uso wake tu. Akikunja paji la uso kama mtu anayetaka kuitikiwa, naitikia. Nimekuwa nikiishi hivyo siku nyingi, bila mwenyewe kukubali. Dukani natazama midomo. Kanisani nasimama wenzangu wakisimama. Watu wakicheka nacheka, tena nacheka sana, nisije nikaonekana nimepitwa.

Aliyenikamata ni shemeji yako, na unamjua: boneti inafunguliwa upande gani hajui. Nilikuwa nimewasha gari getini tupakie shuka, yeye kasimama mbele na furushi kichwani. Nikamwona midomo inasema kitu. Nikashuka.

"Nasema, huu mluzi wake utaisha lini?"

"Mluzi gani?"

"Huu hapa! Siku zote linapiga hivi. Mimi nilidhani ndivyo lilivyo."

Alitua furushi akaniita nifungue boneti. Akainamisha sikio huku na huku kama mtu anayetafuta mbu, halafu akaweka kidole kwenye mpira mmoja mwembamba wa hewa, nyuma ya injini. Ulikuwa na ufa chini, usioonekana. Alipouziba, gari likatulia. Hilo nililijua kwa kiganja, nilikuwa nimeegemea bodi. Akiachia linatetemeka, akiziba linatulia. Alifurahi, kaka, fundi mpya mjini, akawa anaziba na kuachia, anaziba na kuachia, "Unasikia? Unasikia?"

Halafu akanitazama, akaacha kucheka.

Alizunguka akasimama nyuma yangu. Nadhani aliniita. Nilikuwa natazama ule mpira, na nilipogeuka nilikuta amejishika mdomo, machozi yanamlengalenga. Nilimkasirikia. Nilimwambia aache mambo ya kitoto, tupakie shuka, tumechelewa.

Bisibisi aliweka mpira mpya hata chai yake haijapoa. Taa imezima na haijarudi. Nilimwomba radhi, na kwa kuwa sikumweleza kisa chote, nadhani mpaka leo hajui nilimwomba radhi ya nini.

Daktari wa masikio yuko juu ya duka la miwani. Walinifungia kwenye kijichumba, wakanivika vitu masikioni, wakanipa kitufe: nikisikia mlio, nibonyeze. Nikakaa na kitufe changu, nimejiandaa. Mlango ukafunguliwa. Nilikuwa bado nasubiri waanze, kumbe wamemaliza. Nikaambiwa si nta, hakuna cha kusafisha. Ni mishipa, imechoka, na ikishachoka hairudi. Kuna kifaa cha kuvaa, kitanisaidia kwa mtu aliye mbele yangu chumbani. Kwa simu, akatikisa kichwa. Nimemuuliza nifanye nini ili isiendelee, akasema hakuna. Alilisema kwa upole sana, akihakikisha naiona midomo yake.

Nimelia, sitakuficha. Naogopa. Gari angalau tulilifungua tukatafuta. Hapa hakuna cha kufungua.

Sasa tuje kwenye Jumapili ile. Simu haina midomo, kaka. Sauti yako ilikuwa chini, imetulia, inanijia kama mtu anayesemea ndani ya blanketi. Nilikuwa nimekaa hapa hapa kwenye chumba cha pasi, nikafanya kama nilivyozoea. Ukinyamaza, naitikia. Ukiongea kwa haraka, nacheka. Uliongea kitambo bila kupumzika, halafu ukanyamaza, nikajua hapo ndipo unapotaka neno langu. Nikakwambia, "Hilo jambo jema, kaka, nimefurahi sana." Nilipotazama simu ilikuwa imeshakatika.

Msalimie wifi, mwambie shuka zake za maua nimezitunza. Wabusu mapacha wote wawili, yule mkaidi mbusu mara mbili. Shangazi akipita hapo mpe salamu zangu, na shemeji yako anakusalimu sana, siku hizi anasikiliza kila gari linalopita. Mungu akufunike kwa mkono wake, akupe usingizi mzuri na pumzi isiyokatika.

Usinipigie. Niandikie, hata mistari miwili, umpe muuguzi kabla hajaondoka. Niambie tena ulichoniambia siku ile. Kama yalikuwa majibu ya vipimo, na kama ni mabaya, yaandike yalivyo. Niwie radhi, kaka yangu. Sikufurahi. Sikusikia.

Wako akupendaye daima,
mdogo wako