Jina langu halikusomwa

Shoga, uko hapo? Nimekatwa kwenye timu.

NIMEKATWA! Michezo ya kanda inakuja kwetu kwa mara ya kwanza, mama ameshatangazia ukoo mzima, halafu kocha anasoma majina ya mita mia nne, langu halimo.

Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Goti lako, binti. Dada yako ameniambia yote."

Dada yangu!! Goti nilimwonyesha yeye tu, mlango umefungwa. Akalikanda kwa mikono yake mwenyewe.

Na nafasi yangu kapewa nani? Yeye.

Eti, "Nilikuonea huruma, mdogo wangu." Huruma!

Nikamwambia mbele ya wote, "Kimbia, dada. Ila chumbani kwangu usirudi."

Akaangua kilio yeye. Mimi machozi yamegoma.