Nimekuja Kasaji Kuachana na Dawa

Jumanne, mwezi wa pili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi. Maji bado yanadondoka kutoka kwenye bati, na kila tone nalisikia kana kwamba linaangukia ndani ya sikio langu.

Ndivyo nilivyo siku hizi. Tangu nianze kupunguza dawa, dunia imesogea karibu mno. Harufu ya mihogo iliyolowekwa, nzi dirishani, mwanga juu ya majani: vyote vinaingia bila kupiga hodi. Halafu ghafla kila kitu kinakwenda mbali, ardhi inakuwa laini kama godoro, nami natembea juu yake kama nimo katika ndoto ya mtu mwingine.

Daktari wa Kolwezi alinitahadharisha. Mwili uliozoea kutulizwa, alisema, husahau namna ya kujituliza wenyewe, na unahitaji muda kujifunza upya. Ndiyo maana tunashuka polepole: kidonge, nusu, sasa robo. Kuacha kwa mara moja alinikataza kabisa.

Kwa asiyenijua: mimi ni dereva wa lori la mgodi, yale makubwa ambayo tairi moja tu linanizidi urefu. Siku moja nilikuwa napanda na mzigo kutoka chini ya shimo. Nikatazama kioo cha pembeni, na barabara niliyotoka kuipita haikuwepo. Ukuta wa udongo ulikuwa umeporomoka nyuma yangu, na kwa mngurumo wa injini sikusikia kitu. Hakuna aliyeumia.

Labda hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Kule machimboni Mutoshi wapo vijana wanaofukuliwa kutoka chini ya udongo na baada ya siku chache wanarudi kuchimba. Mimi sikuguswa hata na vumbi, na bado moyo ulianza kwenda mbio kila niliposhika usukani. Nikapewa dawa ya kutuliza woga. Ilinisaidia, siwezi kuisema vibaya. Lakini ilinilaza nikiwa macho, na mtu wa namna hiyo hapewi lori.

Nikiwa Kolwezi nilishindwa kuipunguza. Migodi inapolipua miamba, kuta za nyumba yetu mtaani Manika zinatikisika, nami natikisika nazo. Mke wangu Ngalula ndiye aliyesema nije huku Kasaji, kwa Mama Kapinga, mdogo wake mama yangu, ambako mwenye kelele ni jogoo. Daktari akakubali. Ngalula akabaki, maana ana meza yake ya vitenge sokoni.

Mama Kapinga sikumwambia kitu. Nilisema nimekuja kupumzika. Mwanamume mzima kusema anaogopa, na kwamba hata hajui anaogopa nini, maneno hayo hayakutoka.

Leo asubuhi ilikuwa mbaya. Ngozi ilinitembea kama ina siafu. Chai ilimwagika kabla kikombe hakijafika mdomoni. Nikachukua kidonge kizima, si robo, nikakitia mfukoni, nikatoka kimya. Nilitaka kukimeza mahali pasipo na mtu wa kuniona.

Nilifuata reli. Ukungu ulikuwa mzito, vyuma viwili vinaingia ndani yake na kuyeyuka. Nikaketi kwenye mawe ya tuta. Sijui nilikaa kwa muda gani. Niliona, au niliota, lori langu likija juu ya reli bila mlio, hakuna mtu kwenye usukani. Sikuogopa. Nilitaka tu kulipungia mkono.

Aliyetokea ndani ya ukungu alikuwa Mama Kapinga, kitenge kimelowa hadi magotini.

"Tata, rudi kwa bibi yako," akasema.

Tata, yaani baba, ndivyo anavyoniita, na bibi huku kwetu ni mke. Nilidhani bado naota.

"Bibi yangu iko Kolwezi, mama."

"Najua. Na weye unataka kumuacha. Mi nilikusikia ku telefone: 'Niko naachana naye pole pole.' Sasa leo unatoka bila kuaga, unafuata reli. Unaenda kwa mwanamuke mwingine?"

Nilikawia kuelewa. Siku ile nilikuwa nazungumza na Ngalula mwenyewe, kuhusu dawa. Huku kwetu "naye" ni ya mtu na ni ya kitu, hatubagui. Mama Kapinga akayabeba maneno hayo mpaka kanisani, na tangu hapo kikundi chake cha maombi kinaombea ndoa yangu. Kumbe ndiyo maana wale akina mama walikuwa wananishika mkono kwa huruma vile, na mmoja aliniletea kuku.

Nikacheka. Nilicheka hadi machozi, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Nikatoa kidonge mfukoni.

"Njo huyu ninaachana naye."

Nikamweleza yote: kioo, barabara, moyo. Alisikiliza hadi mwisho, na nilipomaliza niliona amekasirika.

"Kumbe tulisumbua Mungu na kitu haiko," akasema. "Na kuku ya batu tulikula."

"Tulikula, mama."

"Munganga wa Kolwezi alisema unywe ngapi leo?"

"Robo."

"Na iyo iko robo?"

"Hapana. Iko nzima."

Akanyoosha mkono. Sikumpa. Niandike ukweli: nilifumba kiganja juu ya kile kidonge kama mtoto mwenye peremende. Mama hakuninyang'anya. Aliketi kando yangu kwenye mawe yaliyolowa, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

"Mi sijue hii bugonjwa," akasema. "Lakini kukaa, najua."

Tukakaa.

Ukungu ulianza kupanda. Kwanza tukaona nyasi, kisha baiskeli ya mtu aliyebeba makaa, kisha mabati ya mji. Siafu walikuwa bado wananitembea. Nilipofumbua kiganja, kidonge kilikuwa kimeanza kulainika kwa jasho. Mama akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Nyumbani nikakata kingine kwa wembe, nikameza robo yangu mbele yake.

Mchana Ngalula alipiga simu. Mama Kapinga akaichukua ili amwombe radhi, na nilimsikia mke wangu akicheka kutoka Manika kana kwamba yuko chumba cha pili. Baadaye Ngalula alipita kwa daktari. Nibaki kwenye robo, daktari amesema, nisishuke tena mpaka mwili upumzike.

Nilimuuliza Mama kama atawaambia wenzake wa maombi.

"Baache baendelee," akasema. "Ndoa haikoseke kitu ya kuombea."

Sasa, nikiwa naandika, treni ya mizigo imepita. Honi yake imeniingia kifuani, moyo ukatoka mbio. Sikuinuka. Mama Kapinga alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, akanitazama, akarudi kwenye majani yake. Mabehewa yakapita, yakapita. Kisha, sijui ni saa ngapi, nikagundua moyo umesharudi. Hakuna aliyeuita.

Moyo wangu, je, kesho utaijua tena njia ya kurudi?