Picha Niliyoianika Juu ya Moto

Saidi, mjukuu wangu, mume wangu wa mbali,

Marahaba. Sisi wazima, baba yako yuko Mnyambe anapalilia mikorosho. Anayeandika ni shangazi yako Fatu, maneno ni yangu.

Unauliza kama uitupe picha ya chumba uliyoichora kwa sababu haifanani na ya mwalimu wako? Acha upuuzi.

Miaka ile maduka ya Newala yalipoanza kujaa bidhaa tena, Mama Neema, mwalimu kutoka Iringa, alinipa rangi za mafuta niige picha aliyoichora ya sebule yake: meza, kiti, ukuta mweupe. Nikaiga, lakini rangi ikagoma kukauka. Nikaipandisha darini juu ya moto, tunakokaushia mbegu za mahindi.

Alipoiona akapiga kelele, "Mama Fatu, umeniunguzia sebule!"

Kisha akaisogelea. Moshi ulikuwa umeugeuza ukuta wa pichani kuwa kahawia, kama wa jikoni kwangu.

"Sasa humu anaishi mtu," akasema, akaiomba.

Nikamnyima! Ipo ukutani kwangu. Wageni wakiuliza nani kachora, nawaambia, "Mimi, nisiyejua kuandika hata jina langu."

Yako ilete, niitundike hapo hapo.

Bibi yako anayejivuna