Ukuta Uliosema Kalibu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitanguliza, maana hukuwa mtu wa kuongea na mtoto kabla hajakuamkia, hata siku ile jiko lilipowaka moto ukasimama mlangoni na ndoo ya maji mkononi, ukisubiri kwanza nikuamkie.

Nakuandikia nikiwa dukani kwangu, hapa Kalangalala. Duka la rangi. Nililianza na makopo sita juu ya meza ya kuazima, na hakuna aliyenishika mkono. Wewe pia hukunishika. Hilo nitalisema, usidhani nimelisahau.

Ni mchana. Vumbi jekundu limesimama hewani kama halijui liende wapi, na jua linapita katikati ya chupa za tina ya kuzimulia rangi, dari lote linachezacheza kama maji. Saa kama hizi huwa nakuona. Unatokea kwenye kona, ngazi begani, brashi tatu kwenye mfuko wa shati, unapiga mluzi usio na sauti. Ukifika usawa wa mlango wangu unafifia. Inabaki harufu ya rangi ya mafuta, na mimi kila mara nainuka kidogo kwenye kiti.

Ukuta wako wameufufua, baba. Ule mrefu wa ghala la pamba.

Unakumbuka mtaa wetu ulivyokuwa na watu hadi mbwa walipita pembeni. Maduka yalipohamia barabara kuu, mtaa ulilala. Nilihesabu mwenyewe mwaka jana: milango thelathini na mmoja, iliyo wazi tisa. Kisha ukaja mradi wa kuuamsha kwa sanaa. Wakaleta wachoraji vijana kutoka Mwanza, wakaleta taa, maua kwenye matairi, mabenchi, na kajukwaa ka kuchezea ngoma ya bugobogobo Jumamosi. Msimamizi wao ni kijana mpole anayeitwa Festo, aliyekulia Tanga. Alikuja dukani na karatasi, akaniuliza rangi kiasi gani zitatosha. Nikamjibu bila kalamu: ukuta una mita ishirini na nne kwa tatu, hizo ni sabini na mbili za mraba, lita moja inapaka kumi, mikono miwili ni lita kumi na nne na nusu, kama ukuta haunywi, na ule unakunywa, kwa hiyo ishirini. Akanitazama.

"Umepima lini, mama?"

"Nimeupima miaka yote ya utoto wangu. Fungua karatasi yako nione."

Akafungua. Baba, walikuwa wamechora twiga. Twiga watatu, na bahari nyuma yao.

"Festo," nikamwambia, "nionyeshe twiga mmoja tu kati ya hapa na Segese, hiyo rangi nakupa bure."

Alicheka, ila twiga waliondoka kwenye karatasi. Wakaja ng'ombe, wakaja wanawake wanaopembua pamba, akaja mchimbaji anayetoka kwenye duara, lile shimo la dhahabu, uso mweupe kwa vumbi la mawe, macho kayafumba kwa sababu ya jua. Nilimpenda huyo. Anafanana na watu uliokuwa ukiwapokea kwa maandishi yako.

Maana kabla ya hayo yote ukuta ule ulikuwa na herufi zako kumi na moja, kila moja ndefu kuliko mimi. Ulipiga mstari kwa uzi uliopakwa mkaa. Uliuvuta, ukauachia, ukasema "twa!" kwa mdomo kana kwamba uzi hautaweza kulia wenyewe. Mimi nilikuwa chini, nimekumbatia miguu ya ngazi.

"Shika, mayu. Usitazame juu. Shika."

Kwa Kisukuma uliniita mayu, mama, nami nilishika. Miaka minne nimeshika ngazi ile ya vipawa tisa, na hata kipawa cha kwanza sikuwahi kukikanyaga. Nilipokuomba ulisema ngazi si ya mtoto wa kike. Kaka akapandishwa, ambaye mkono wake ulitetemeka na hakutofautisha bluu na zambarau. Leo kaka anaendesha bodaboda Bulyanhulu, na mimi ndiye ninayechanganya rangi za mji huu. Nakuuma kidogo tu, baba. Nilikuambia nitalisema.

Ulipomaliza ulishuka, ukarudi nyuma hatua kumi na tano, nami nikarudi nawe, ndipo nikasoma: KALIBU GEITA.

Sikujua kama kuna kosa. Nyumbani kwetu R haikuwahi kuingia. Tulikuwa na lula, langi na balabala, na maisha yaliendelea. Shuleni ndiko walikonifundisha aibu. Walinisubiri getini.

"Mtoto wa Kalibu! Leo mmekula wali au wari?"

"Kabula, hebu sema treni!"

Nilisema tleni, wakaanguka chini kwa kicheko.

Jumapili moja ulikuwa Segese, unaandika mabango ya maduka ya wachimbaji. Nilichukua kopo la rangi ya maji iliyobaki, nikasimama juu ya pipa, kwa sababu ngazi uliondoka nayo, nikaigeuza L yako kuwa R. Niliiongezea kichwa, nikaufunika mguu wake kwa chokaa, nikaipa mwingine wa mshazari. Ilisimama pale kama mtu aliyetoka hospitali. Nilikuwa na miaka kumi na minne na niliamini nimekuokoa.

Ulirudi Jumatatu asubuhi. Watu wakakuamkia, mwangaluka, mwangaluka, nawe ukawapita. Ulikuwa unautazama ukuta.

"Nani kaifunga helufi yangu bandeji?"

"Ni mimi, baba. Mwalimu anasema kalibu si neno."

Nilingoja kofi. Ingekuwa nafuu. Ulinishika kichwa kwa kiganja chote, kile chenye madoa ya kijani yasiyotoka, ukasema polepole, "Sawa, mayu. Wewe ndiye uliyesoma."

Tangu siku hiyo hukuandika tena neno lako mwenyewe. Ulichora mkasi kwa kinyozi, samaki kwa mama lishe, jino kwa mganga wa meno. Mteja akitaka maneno uliniita nikuandikie kwenye karatasi, nawe ukapanda kuyanakili herufi kwa herufi, mgongo umekaza, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa mwingine. Nimelibeba hilo, baba. Nimehesabu mengi maishani, lakini siku zile za kunakili sijawahi kuthubutu.

Sasa sikia kilichotokea wiki iliyopita. Kabla ya kupaka ilibidi wakwangue. Juu ya kazi yako palishapita tangazo la soda, chokaa, na bluu ya nani sijui. Vijana wakaingiza chuma chini ya rangi, na tabaka lote likaachia kwa vipande vikubwa, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Mimi muuza rangi nikajua sababu kabla hawajauliza. Rangi ya maji haishiki juu ya rangi ya mafuta. Kila kitu kilichokuja baada yako kilikuwa kimeegemea tu. Na R yangu ilikuwa ya kwanza katika hivyo vilivyoegemea. Ilishuka ikanidondokea miguuni, nyepesi, na nyuma yake L yako imekaa, nyekundu vilevile, mguu wake mrefu umenyooka.

Nilisimama barabarani nikasikia uzi ukisema twa.

Festo akaja na brashi. "Kuna kosa la tahajia pale. Tuweke R, halafu tuendelee."

Nilitaka kusema. Mimi ninayejibu wateja kabla hawajamaliza swali, niliinama nikaokota ganda la R yangu. Ningesema nini? Kwamba R ile niliiweka mimi na ikamnyamazisha mtu?

Aliyesema ni Mama Shamsa, yule muuza vitenge mwenye duka la tatu kutoka kona. Unamkumbuka, alikuwa akikuita fundi, nawe ukijidai husikii ili arudie. Alitoka na miwani kwenye paji la uso.

"Wewe kijana, iache hiyo."

"Lakini mama, sahihi ni karibu."

"Sahihi naijua, nimezaliwa Ujiji. Mimi na marehemu mume wangu tulishuka hapa na mabegi mawili na cherehani, hatumjui mtu. Nilikuwa nalia. Cha kwanza kunisemesha katika mji huu ni ukuta huo. Nilicheka mpaka nikasahau kulia. Nikamwambia mume wangu, hapa tutakaa. Nilikaribishwa kwa L mimi, usinifukuze kwa R."

"Wageni watatucheka, mama."

"Wacheke. Anayecheka ameshaingia ndani."

Mtaa mzima ukapiga makofi, hata fundi saa ambaye hatoki kibandani. Festo akashusha brashi, akatutazama mmoja mmoja. "Haya. Nani anaweza kuufuatisha mkono wa aliyeiandika?"

Nikaingia dukani. Ngazi yako ninayo, baba. Imekaa nyuma ya makopo, haiuzwi. Nikaisimamisha ukutani, nikafunga khanga vizuri, nikamwambia Festo: "Shika. Usitazame juu. Shika."

Vipawa tisa. Juu kule mtaa unakuwa mwingine. Mabati yanang'aa, taa mpya zimejipanga kama watoto mstarini, milango iliyo wazi sasa ni kumi na sita, nimeihesabu nikiwa huko. Nikachovya brashi katika nyekundu niliyoichanganya mwenyewe, ya mafuta, nikaushusha mguu wa L taratibu, hadi mkono wangu ukaacha kuwa wangu peke yake.

Chini akapita bibi mmoja wa kijijini, kapu la viazi kichwani. Akasimama. Nilimsikia akisoma kama wasomavyo waliojifunzia ukubwani: "Ka. Li. Bu."

Kisha akaujibu ukuta, kwa heshima kabisa: "Wabheja!"

Alishukuru, baba, kama kuna mtu ndani aliyemwita. Hakucheka, wala hakuna aliyemcheka. Nikamwitikia mimi, huko juu, kwa sauti niliyoiazima kwako.

Limebaki moja. Bango la mradi lina majina kumi na manne na lako halimo. Nimekwenda na utepe wangu wa kupimia. Chini kuna nafasi ya sentimita nane, na jina lako, Masanja, ni herufi saba tu. Nimemwambia Festo linaenea, na kwamba sitashuka kwenye hoja hii kama nilivyoshuka kwenye ngazi.

Pumzika sasa. Maneno yako yamerudi ukutani, na safari hii hakuna wa kuyafunga bandeji.

Binti yako, aliyeshika ngazi,
Kabula