Tela, Kamera na Watu wa Pantoni

Viwanja Sitini, Ifakara

Mdogo wangu Festo,

Kosa la wengi wanaofunga kamera nyuma ya tela ni kuielekeza mbali. Wanataka kuona barabara yote, na miti, na mawingu. Lakini kitu utakachokigonga hakiko mawinguni. Kiko hatua mbili nyuma yako. Nimetanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu barua yako inasema kamera ya tela la wauguzi wa macho umeshaifunga, picha ni nzuri mno, na siku ileile umeangusha uzio wa parokia.

Sasa, marahaba. Huku tu wazima, mpunga umeanza kuinamisha vichwa. Shemeji na watoto hawajambo? Dada Yustina mguu wake umepona? Mimi ni shingo tu, na hiyo unaijua: tangu mwaka jana haigeuki. Nikiitwa kwa nyuma nageuka mwili mzima kama kabati.

Kwa dereva wa tela hilo si jambo dogo. Tangu nilipostaafu ualimu namwendeshea Mama Dokta, yule mtafiti wa mimea, gari linalovuta tela lake la kuishi, lenye kitanda na jiko ndani. Tunakaa Mang'ula majuma kadhaa, kisha tunavuka mto kwenda upande wa Ulanga. Safari iliyopita nilijaribu mara sita kulirudisha tela kinyumenyume ndani ya pantoni, na mara ya sita tairi moja likachungulia maji. Mama Dokta akasema kwa upole, "Mwalimu, shingo hii itatuzamisha. Kama huoni nyuma, itabidi nitafute dereva mwingine." Nikamwomba safari moja zaidi, na kamera.

Zilikuwepo za aina mbili. Ya kwanza, ya bei nafuu, ilionyesha picha kama televisheni ya kawaida, yaani kilichoko kushoto kwa gari unakiona kulia. Ya pili inageuza picha ifanane na kioo cha pembeni: kushoto ni kushoto. Fikiria sasa. Tela lenyewe tayari linakwenda kinyume, ukitaka mkia uende kushoto unakata usukani kulia. Ukiongeza na picha ya kinyume, kichwa cha mzee kinavurugika kama uzi uliochezewa na paka. Nikachagua ya pili.

Niliifunga juu, katikati, chini ya ukingo wa paa ili mvua isiipate sana, nikaiinamisha mpaka bampa la tela lenyewe likaonekana chini kabisa ya picha. Ukiliona bampa lako, unajua umbali uliobaki. Waya niliupitisha chini ya sakafu ndani ya bomba la plastiki, na pale gari linaposhikana na tela nikaacha mkunjo, maana kwenye kona kali waya uliokazwa hukatika. Televisheni yake ni ndogo kama kitabu cha sala, na picha ni nyeusi na nyeupe. Nikafanya mazoezi siku nne kwenye uwanja wa mpira.

Siku ya safari tulifika kivukoni asubuhi. Gari lenye tela huingia pantoni kinyumenyume ili ng'ambo litoke kwa mbele, na hapa kila anayesubiri kuvuka hujifanya utingo. Mama Hawa, muuza samaki wakavu, akachungulia dirishani.

"Shikamoo Mwalimu. Leo unaendesha huku unatazama televisheni? Nani anacheza?"

"Marahaba. Hii ni kamera, inanionyesha watu na vitu vya nyuma."

Jibu hilo ndilo lililoniponza. "Jamani!" akapaza sauti. "Tela la Mwalimu linatoa watu kwenye televisheni!"

Nikatia gia ya nyuma, nikatazama ile televisheni ndogo. Festo, nyuma ya tela walikuwa wamejipanga kama wanaosubiri mpiga picha wa harusi! Mzee mmoja anafunga kifungo cha kola. Mama mmoja amemshusha mtoto mgongoni na kumsimamisha mbele kabisa. Mwingine ameegesha baiskeli yake yenye matenga ya kuku ili nao wasikose. Nikapiga honi. Wakapunga mikono.

Mama Dokta akanigeukia. "Ni shingo tena, Mwalimu?"

"Hapana, Mama. Leo naona kupita kiasi."

Ningeweza kuwafokea, lakini wangesogea hatua moja na kurudi mbili. Nikazima gari, nikashuka, nikamkalisha Mama Hawa kwenye kiti changu. Akatazama, akacheka. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu aliona mtoto yule alivyo karibu na bampa. Akatoa kichwa dirishani.

"Ninyi! Tokeni hapo nyuma! Mnaonekana kama perege kwenye kikaango! We mzee Saidi, hiyo kola unalifungia tairi? Na huyo mtoto mrudishe mgongoni!"

Walicheka, lakini walitoka, wakasimama pande mbili kama wanaopisha maandamano ya Ekaristi. Nikarudi kwenye usukani. Picha sasa ilikuwa safi: bampa langu, ubao wa kupandia, na nafasi kati ya hivyo viwili ikipungua. Nikakata kulia kidogo, nikanyoosha. Tela likapanda na kutulia ndani bila kugusa chochote. Mara moja tu, Festo! Vigelegele vya Mama Hawa nadhani mlivisikia huko Kasulu.

Katikati ya mto Mama Dokta akaniambia, "Mwalimu, mwakani tunafika hadi Mngeta. Shingo yako ibaki ilivyo." Nimetembea juma zima nikitabasamu peke yangu.

Msalimie shemeji aliyenitumia karanga, dada Yustina mlezi wetu, na padri mwenye uzio, umwambie namwombea subira.

Na leo hii, kabla tela halijasogea, waite wote wanaopenda kusimama nyuma yake, uwakalishe mmoja mmoja kwenye kiti cha dereva, watazame.

Kaka yako,
Mwalimu Gervas