Kahawa ya Miti ya Veronika

Jumanne, Agosti 1976

Dada yangu kaniharibia kahawa. Kaichanganya na mahindi ya kukaanga, eti isiishe haraka.

Nimetoka kibarua cha barabara, mgongo unauma, nataka kikombe kimoja tu. Napiga funda, mahindi matupu!

"Si kahawa tu, kaka? Dukani imejaa."

"Ya dukani wanachanganya ya kila mahali. Hii ni ya shamba moja, miti aliyopanda Veronika kwao Manyovu. Shemeji kashaing'oa, kaweka migomba. Haiji nyingine!"

Ikiwa peke yake ina uchachu kidogo kama ukwaju, halafu utamu unabaki mdomoni. Veronika, marehemu mke wangu, alikuwa anaikaanga kwenye kigae, polepole. Dada anakimbiza moto kama anakaanga karanga.

Mbichi zimebaki konzi mbili. Moja nikaikaanga mwenyewe, nikatwanga, nikachemsha. Nyumba nzima ikanukia.

Dada akasimama mlangoni. "Mh! Kama wifi yuko jikoni."

Nilitaka kumjibu vibaya, maana hasira ilikuwa bado. Nikachukua vikombe viwili.

Nikammiminia cha kwanza yeye.